Canon au Nikon? Niambie kwanza jirani yako ana betri gani

Kila wiki lazima hii DM iingie: "Dada, nina elfu arobaini, ninunue Canon au Nikon?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo leo najibu wote kwa pamoja, na najua nitawaudhi watu wa pande zote mbili. Swali lenyewe limekosewa. Kabla hujaniuliza kampuni, niambie watu unaofanya nao kazi wanatumia betri gani.

Najua inasikika kama jibu la mtu asiyejua kamera. Ngoja niwaeleze nililipata wapi, maana nimelilipia kwa pesa na kwa aibu, na aibu ndiyo iliniuma zaidi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu zake tuziache. Mama alikuwa amefikiwa na zamu yake ya chama, shilingi 30,000, na badala ya kuezeka jiko kama alivyokuwa amepanga, akanipa mimi. Akasema, "Kanunue hiyo kamera yako, lakini usinirudie na hadithi." Nikaongeza akiba yangu kidogo, halafu nikafanya kile ambacho sote tunafanya: nikakaa miezi miwili YouTube.

Mnawajua wale jamaa. Wako Marekani au Uingereza, wamevaa makoti, wanapiga picha mti mmoja kwa kamera mbili, halafu wanaukuza mpaka jani moja linajaa skrini. Wakanishawishi ninunue Nikon D5300. Na sitawasingizia, hawakudanganya. Ile kamera ilitoka 2013, ina megapikseli 24, na sensa yake inatoa vitu gizani usivyoviona kwa macho. Nilienda nayo magofu ya Gede, mnajua pale chini ya ile mibuyu kulivyo na kiza hata saa sita mchana. Nilipofika nyumbani nikaing'arisha picha kwenye kompyuta, ukuta ukajitokeza jiwe kwa jiwe. Nikaona kweli sasa mimi ni mpiga picha.

Tatizo ni kwamba wale jamaa wa YouTube hawakujua naishi Malindi. Na hawakujua kazi yangu ya kwanza ya maana itakuwa kupamba.

Kwa wale wasiojua: kupamba ni usiku wa wanawake. Bi harusi anaingia ukumbini amepambwa, wanawake wamevua mabuibui, wanacheza, wamejiachilia. Mwanamume haingii. Na mlangoni kuna mama mmoja na kikapu anakusanya simu, hata uwe nani. Kwa hivyo picha zote za usiku ule zinatoka kwa msichana mmoja au wawili walioajiriwa. Hakuna mgeni atakayekurushia yake WhatsApp kesho. Ukikosa picha, basi imekosekana milele. Ndiyo maana sisi wasichana wenye kamera tunapata kazi hapa Pwani, na ndiyo maana kazi yenyewe haina mchezo.

Mimi nilikuwa wa picha. Dada mwingine, ambaye tulikutana siku hiyo hiyo, alikuwa wa video. Yeye alikuwa na Canon 200D. Mimi, kwa siri, nikamwonea huruma. Nilishaona kwenye jedwali moja la intaneti kwamba sensa yangu inaishinda yake.

Nilikuwa na betri mbili. Moja ya asili iliyokuja na kamera, na moja niliyonunua kwa bei ya chini, imeandikwa kila kitu sawasawa mpaka nembo. Saa nne usiku ya asili ikaisha. Nikaweka ya pili. Ikaonyesha imejaa. Nikapiga picha kama thelathini, kamera ikazima. Nikaitoa, nikaisugua, nikairudisha, ikawaka, ikazima tena. Wakati huo huo nikasikia vigelegele mlangoni. Bi harusi anaingia.

Yule dada aliniona. Hakuacha kurekodi, akanionyesha kwa kidole mkoba wake. Nikaufungua: betri mbili za Canon, zimejaa, zimefungwa vizuri kwa kitambaa. Wallahi nilizishika zile betri mkononi kama mtu mwenye njaa aliyeshika ndizi ya plastiki. Yangu inataka EN-EL14. Zake ni LP-E17. Umbo tofauti, pini tofauti. Lenzi yake haishiki kwenye kamera yangu. Hata kuizungusha, Nikon inafungwa upande huu na Canon upande ule. Vitu pekee ambavyo angeweza kunisaidia navyo ni kadi ya SD na betri nne ndogo za flashi, zile za kawaida za dukani. Na hivyo vyote nilikuwa navyo.

Nikaenda nyuma ya jukwaa, nikachomeka chaja, nikakaa chini kwenye sakafu nikiitazama taa ikipepesa kwa dakika kumi na tano. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mama wa bi harusi akilia alipomuona mwanawe. Ile ndiyo picha ambayo kila mama anaitaka, na mimi nilikuwa naangalia soketi.

Kesho yake nikamwomba yule dada video yake. Hakunikatalia, Mungu ambariki. Nikatoa picha mle ndani, fremu moja moja. Lakini fremu ya video ya kawaida ni 1920 kwa 1080, yaani megapikseli mbili tu, na mtu akitembea anatoka na ukungu. Inatosha picha ndogo ya kushika mkononi. Kwa jalada la albamu haifai. Nilienda nyumbani kwa yule mama, nikamwambia ukweli wote, na katika shilingi 15,000 alizonilipa nikamrudishia 7,000. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, basi hata moja nzuri hukupata?" Ningependa zaidi anifokee.

Sasa mtu ataniambia: tatizo lako ni betri feki, si Nikon. Kweli kabisa. Kosa la kwanza ni langu, nilifuata bei. Lakini hapa kwetu vitu vinaharibika, hiyo ni kawaida. Kuna betri feki, kuna kadi feki, umeme unapotea, kamera inaanguka mchangani. Swali langu ni hili: siku kikiharibika, nani yuko karibu, na kitu chake kitaingia kwenye kamera yako? Yule mtu wa YouTube anaagiza betri leo na kesho iko mlangoni. Mimi nasubiri kifurushi cha basi kutoka Nairobi.

Baada ya ile harusi nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kumaliza pesa za mama. Nikatoa daftari, nikawapigia watu wote wa kamera ninaowajua, Malindi, Watamu mpaka Kilifi. Walikuwa tisa. Saba wana Canon, mmoja ana Sony, na mmoja tu ana Nikon: mzee mmoja wa studio, anayepiga picha za pasipoti tangu sijazaliwa.

Nikaenda kwake. Nilikuwa na shida nyingine pia. Nilikuwa nimenunua lenzi ya Nikon ya 50mm f/1.8D kwa sababu ni ya bei nafuu na inapokea mwanga mwingi, lakini kwangu ilikataa kujilenga yenyewe. Nilikuwa nazungusha kwa mkono kila picha. Nikajua nimeuziwa mbovu, na nilikuwa nimeshamtumia muuzaji ujumbe ambao sitaurudia hapa.

Nikamwamkia mzee, akaichukua ile lenzi, akaiweka kwenye D7000 yake, akabonyeza. Krrr. Ikalenga. Akanitazama juu ya miwani. "Binti, lenzi haina kosa. Kamera yako ndiyo haina mota."

Akanieleza, na haya ndiyo nataka muyashike. Mdomo wa Nikon wa kushika lenzi, ule wa F, ni wa tangu 1959. Unaweza kukuta lenzi ya kizamani sana na ikaingia kwenye kamera ya juzi. Lakini kuingia si kufanya kazi. Lenzi za AF na AF-D hazina mota ndani. Zinategemea mota iliyo kwenye kamera. D7000 na ndugu zake wanayo. Familia ya D3000 na D5000, ambazo ndizo sisi wenye pesa kidogo tunanunua, hazina. Hizo zinataka lenzi iliyoandikwa AF-S, au AF-P kwa zile mpya. Na hizo AF-P nazo zinazikataa baadhi ya kamera za zamani kama D3200. Canon wao 1987 waliamua kuanza upya, wakatupa mdomo wao wa zamani, na lenzi za EF zote za kujilenga zina mota ndani yake. Kwa hivyo kwa Canon hiyo shida moja imeondoka.

Nikamuuliza mzee, basi siku nyingine unaniazima betri? Akacheka. D7000 inakula EN-EL15. Yangu EN-EL14. Kampuni moja, nembo moja, mdomo mmoja, na bado hatuwezi kusaidiana.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tunabishana Canon na Nikon kama vile ni Gor na AFC, na kumbe mfumo si nembo. Mfumo ni betri, lenzi, flashi, chaja, na watu walio navyo. Mtu wa Canon 1300D mwenye LP-E10 na mtu wa Canon 200D mwenye LP-E17 wamevaa jezi moja lakini mmoja akizimikiwa, mwenzake hana msaada wa betri. Lenzi, sawa, wanaazimana. Betri hapana.

Na msiseme nimelipwa na Canon, kwa sababu nao wana mitego yao, na nimeona mabeshte wakinaswa:

Canon 250D ya 2019 ni kamera tamu, lakini waliiondolea ile pini ya katikati pale juu panapokaa flashi. Flashi na triga nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine zinategemea hiyo pini. Mtu ananunua, anachomeka flashi yake ya zamani, anabonyeza, kimya. Dada yake mkubwa, 200D, pini anayo. Nenda ukaitazame kwa macho kabla ya kulipa.

Lenzi za EF-S za Canon haziingii kwenye kamera za sensa kubwa kama 6D na 5D. Lenzi za DX za Nikon zinaingia kwenye kamera zao kubwa, picha inakatwa tu pembeni. Hapo Nikon wako mbele.

Canon 1300D na 2000D hazina tundu la maiki. Nikon D3500 pia haina, ingawa D3300 ya kabla yake ilikuwa nalo. Kama unataka kufanya video za kuongea pale ufukweni na upepo wa kusi unavuma, usiniulize baadaye kwa nini sauti yako inafanana na jenereta.

Na kwa mitumba, Nikon inaandika ndani ya faili ya picha idadi ya mara shata imefunguka. Unapiga picha moja dukani, unaisoma kwenye programu ya bure, unajua kamera imechoka kiasi gani. Canon nyingi haziandiki, kwa hivyo unanunua kwa imani. Betri nayo: D3500 inahesabiwa picha 1,550 kwa chaji moja, wakati Canon 2000D ni 500. Ningekuwa na ile D3500 usiku ule, pengine nisingekuwa naandika haya.

Kwa hivyo kwenye karatasi Nikon anashinda sehemu nyingi. Bado niliiuza.

Ndiyo, niliiuza. Nilipata hasara ya karibu 8,000. Ile 50mm mzee akaichukua, akanipa bei ya haki. Nikanunua Canon 200D ya mtumba, ile ile ya yule dada wa video, na 50mm f/1.8 STM. Picha zangu za kizani si safi kama zilivyokuwa, nakubali. Ukizikuza mpaka jani moja lijaze skrini, utaona. Hakuna bi harusi hata mmoja amewahi kuzikuza hivyo. Na kwa video, 200D inafuata uso wa mtu vizuri kuliko D5300 ilivyowahi kunifanyia.

Lakini faida kubwa haikuwa kwenye kamera. Sasa tuko wasichana watatu, Malindi wawili na Kilifi mmoja, wote betri moja. Tukaanzisha kachama ketu, kila mmoja elfu mbili kwa mwezi. Tumenunua lenzi ya 85mm f/1.8 ambayo peke yangu ningeisubiri mwaka mzima. Inakaa kwa mwenye kazi wiki hiyo, inasafirishwa na matatu kwa dereva tunayemwamini, na kuna daftari. Ukiidondosha, unajua mwenyewe.

Kuna watakaosema huko ni kufuata kundi, na kwamba kuazima ni utumwa. Hoja hiyo naiheshimu. Ukimtegemea mtu, siku mkikosana huna kazi. Na kama wote tukikimbilia kamera moja, wauzaji watapandisha bei. Lakini angalia mvuvi wa hapa. Anaweza kumiliki ngalawa yake na bado akahitaji watu wa kuisukuma majini. Mimi namiliki kamera yangu, betri zangu nne, flashi yangu. Kuazima ni kwa ile saa nne ya usiku tu.

Wengine mtasema, "DSLR imekufa, nunua zile zisizo na kioo." Sawa. Canon na Nikon wote wamehamia huko, na mwishoni mwa 2021 mkubwa wa Canon alisema 1D X Mark III ndiyo ya mwisho ya daraja lake la juu. Nikon D3500 na D5600 zimeshaachwa kutengenezwa. Lakini kwetu sisi kufa huko ndiko kumeshusha bei. Wazungu wanauza, sisi tunanunua. Jambo la kuangalia ni lenzi, maana lenzi ndiyo utakayohama nayo. Lenzi ya Canon EF ukiiwekea adapta inafanya kazi kwenye kamera mpya za R na inajilenga. Lenzi ya Nikon AF-S kwenye adapta ya FTZ, vile vile. Ila AF-D kwenye FTZ haijilengi. Unaponunua lenzi ya bei rahisi leo, jiulize itakufuata au itabaki.

Na la mwisho, ambalo hakuna YouTube ya theluji itakuambia: hapa kwetu adui wa lenzi ni hewa. Unyevu na chumvi. Ukiiacha lenzi kwenye mkoba wa giza miezi miwili, ukungu unaota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui, na fundi wa kuufungua yuko mbali na ni ghali. Unaponunua ya mtumba, hasa iliyokaa Pwani, mulika tochi ya simu upande mmoja na uchungulie mwingine. Nyumbani, tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye viatu, na uvibadilishe. Mchele usiweke, una vumbi. Ukitoka ufukweni pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Na usibadilishe lenzi mchangani upepo ukivuma, hata kama ngamia wa watalii anapita na picha ni kali.

Sasa elfu arobaini yako. Kama hujawahi kulipwa hata mara moja kwa picha, tumia simu yako kwanza, sina zaidi. Kama umeshalipwa: piga simu kwa watu watano wa karibu wenye kamera, uliza namba iliyoandikwa kwenye betri zao. Iliyo nyingi, hiyo ndiyo familia yako. Bodi na lenzi yake ya kawaida visizidi 28,000. Betri ya pili ya uhakika, na uijaribu siku nzima nyumbani kabla ya kazi. Kadi mbili. Flashi. Kikibaki kitu, 50mm, baada ya kuhakikisha inajilenga kwenye kamera yako mbele ya macho yako. Kama kwenu Kilifi watu wote wana Nikon ya EN-EL14, nunua Nikon, na salamu zangu uwape.

Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja wa Shella, ana harusi ya mwanawe mwezi ujao. Hakuuliza kamera yangu ni ya kampuni gani wala ina megapikseli ngapi. Nadhani alishapata habari zangu, mji wetu ni mdogo. Aliuliza kitu kimoja: "Una betri ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia nne. Na wenzangu wana tano.